Karamu na Zawadi katika Nyumba ya Mkristu

Mtakatifu Luka aeleza katika Injili yake jinsi Maria na Yosefu walivyompeleka Mtoto Yezu katika Hekalu la Yeruzalemu, siku za utakaso zilipokwisha kutimia. Sheria ya Musa ilimwagiza mama aliyezaa mtoto mwanamume alete, baada ya siku 40, mwana-kondoo wa mwaka mmoja pamoja na njiwa mmoja. Lakini Sheria hiyo hiyo ilimkumbuka maskini: mama asiye na uwezo wa kupata mwana-kondoo alete ndege wawili tu. Maria na Yosefu walitoa sadaka ya ndege wawili.

Hivyo Mfalme wa mbingu na nchi aliingia mara ya kwanza katika nyumba ya Baba yake kwa sadaka ya maskini. Yosefu alikuwa mtu wa ukoo wa mfalme Daudi, na Yeruzalemu ulikuwa mji mkubwa wenye macho mengi. Hata hivyo Injili haisemi kwamba alikwenda kukopa kondoo ili watu wasimcheke. Na mzee Simeoni, alipoongozwa na Roho Mtakatifu mpaka Hekaluni, hakuwatazama wale ndege. Alimpokea Mtoto mikononi mwake, akamshukuru Mungu.

Hilo ni fundisho kwa kila jamaa inayojitayarisha kwa siku ya furaha, iwe ubatizo, Komunio ya kwanza, arusi, Noeli au Pasaka. Wako wanaotazama ndege, na wako wanaomtazama Mtoto.

I. Hofu inayofunga mlango

Katika vijiji vingi hupatikana mume na mke waliokaa pamoja miaka mingi, wakilea watoto wao kwa upendo, wakisali kila dominika, lakini hawajafunga ndoa mbele ya Kanisa. Mwalimu wa dini akiwauliza sababu, hawasemi kwamba hawana imani. Mume asema: “Sina mbuzi wa kuwachinjia wakubwa.” Mke asema: “Sina kitambaa kipya, wenzangu watanicheka.” Mwaka unapita, na wa pili unapita. Wakati wa Komunio wengine wanakwenda kwenye meza ya Bwana, nao wanabaki mahali pao, wameinamisha kichwa. Si dhambi ya wizi iliyowazuia, wala ya uuaji. Wamezuiwa na mbuzi.

Mkatekumeni naye aweza kushikwa na hofu hiyo. Amejifunza sala, amejifunza amri, ameacha mambo ya zamani; lakini siku ya ubatizo inapokaribia, aomba ingojwe mpaka Pasaka nyingine, kwa kuwa hajapata fedha za karamu. Je, anajua kama ataiona hiyo Pasaka nyingine? Mauti hayaulizi kama mbuzi amepatikana.

Kanisa lafundisha kwamba neema ya Mungu haiuzwi wala hainunuliwi. Ubatizo wadai maji, maneno yaliyoagizwa na Kristu, na imani. Ndoa yadai ridhaa ya kweli ya mume na mke, mbele ya padri au shemasi na mashahidi wawili. Hakuna mahali palipoandikwa pombe, wala nyama, wala kitambaa kipya. Tena Sheria ya Kanisa iliyotolewa mwaka 1983, katika kanuni ya 848, yaagiza maskini wasikoseshwe Sakramenti kwa sababu ya umaskini wao.

Ndivyo ilivyokuwa toka mwanzo wa misioni. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, aliagiza kwamba mtu ajitayarishe miaka 4 kabla ya kubatizwa. Mapadri hao walifika Mpala, kando ya ziwa la Tanganyika, mwaka 1885, wakafuata agizo hilo. Miaka hiyo 4 iliwekwa kwa kupima imani na mwenendo wa mtu. Haikuwekwa kwa kukusanya mali.

II. Bwana wetu anapenda karamu

Asidhani mtu kwamba dini inachukia furaha. Yezu mwenyewe alialikwa arusini huko Kana ya Galilea pamoja na Mama yake na wafuasi wake, naye akaenda. Divai ilipokwisha, hakusema kwamba hilo si neno lake. Palikuwa na mitungi sita ya mawe. Kila mmoja ulichukua vipimo viwili au vitatu, na kipimo kimoja kilikuwa karibu na lita 40. Basi Bwana aliwapa watu wale divai ya lita 480 au zaidi, nayo ilikuwa njema kuliko ile ya kwanza. Mungu si mchoyo.

Lakini mambo mawili ya arusi ile hayasikilizwi sana. La kwanza ni hili: Bwana hakumtuma bwana arusi kwa mwenye duka, wala hakumwagiza akope. Aliwaagiza watumishi wajaze mitungi maji. Alitaka kitu kilichokuwapo nyumbani, yaani mitungi, na kitu kilichopatikana bure, yaani maji, na kazi ya mikono ya watu. Wale watumishi waliteka na kubeba mpaka mitungi ikajaa hata juu. Yaliyobaki aliyafanya mwenyewe. Karamu ya Mkristu huanza hivyo hivyo: kwa vitu vilivyomo nyumbani na kwa mikono iliyo tayari.

Jambo la pili ni la Mama yake. Maria ndiye aliyetambua kwamba divai imekwisha. Hakuwatangazia wageni, wala hakumwaibisha mwenye nyumba. Alimwambia Mwanawe kwa maneno machache. Jirani mwema huiga mfano wake. Akiona chungu cha arusi kinapungua, hasemi mbele ya watu. Hurudi kwake kimya, akaleta bakuli la maharage, akaliweka jikoni.

Wazee wa kale walisema: kukopa arusi, kulipa matanga. Siku ya kupokea fedha mtu hucheka. Siku ya kuzirudisha hulia kama aliyefiwa. Mali wanayopatana wakwe ina desturi na heshima yake, lakini hata hiyo isigeuzwe kuwa bei ya binti. Na karamu isiongezwe juu yake kama mzigo wa pili.

III. Zawadi iliyotoka mkononi

Maandiko matakatifu yanamkumbuka Ana, mama yake Samweli. Mwanawe alikuwa akitumika katika nyumba ya Mungu huko Shilo, mbali na nyumbani. Kila mwaka Ana alimshonea kanzu ndogo, akampelekea alipokwenda na mume wake kutoa sadaka. Mtu aweza kununua nguo bila kumfikiri sana atakayeivaa. Lakini Ana hakuweza kushona bila kumfikiri Samweli: mabega yake yamefika wapi mwaka huu, mikono yake imekuwa mirefu kiasi gani? Kila mshono ulikuwa na wazo la mama ndani yake. Hiyo ndiyo thamani ya zawadi iliyofanywa kwa mkono.

Tena Matendo ya Mitume yasimulia habari za Tabita wa Yope. Alipokufa, wajane walisimama karibu na Petro, wakilia na kumwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa pamoja nao. Hawakuonyesha fedha wala dhahabu. Machozi yao na nguo zile ndiyo yaliyokuwa ushahidi wa maisha yake.

Basi jamaa ya mkatekumeni isiulize kwanza: “Tununue nini?” Na iulize: “Mikono yetu inajua kufanya nini?” Bibi anayejua kusuka na amsukie bibi arusi mkeka au kikapu cha unga. Mama anayejua kufinyanga na afinyange chungu. Mjomba na achonge kigoda, au kinu na mchi, vyombo ambavyo nyumba mpya itavitumia kila siku miaka mingi. Baba na atengeneze msalaba wa mti wa kutundikwa ukutani, ili sala ya jioni ipate mahali pake. Watoto nao wasiachwe nyuma. Kando ya mito huota majani yenye mbegu ngumu, zinazong'aa, ambazo Mungu ameziumba na tundu katikati. Mtoto akizitunga katika uzi, apata rozari ya kumpa ndugu yake anayebatizwa.

Nguo nyeupe ya ubatizo yastahili kukumbukwa hasa. Mtaguso wa pili wa Vatikano uliagiza mwaka 1963 kwamba utaratibu wa ukatekumeni wa watu wazima urudishwe kwa hatua zake, na kitabu cha ibada hiyo kikatolewa mwaka 1972. Usiku wa Pasaka mbatizwa mpya hupewa vazi jeupe na mshumaa uwakao. Vazi hilo ni ishara ya mtu mpya katika Kristu. Halikuwekwa kuonyesha utajiri wa mtu. Kipande cha pamba cheupe, kilichoshonwa vizuri na kufuliwa, chatosha. Na baada ya Pasaka lifuliwe, likunjwe, litunzwe, ili mwaka mwingine mdogo wake naye alivae.

Je, yule asiyejua kushona wala kuchonga atatoa nini? Na atoe siku yake moja. Akate kuni za karamu, ateke maji, alime kipande cha shamba la mzazi aliyejifungua. Kutoa ni moyo, si utajiri.

Wala Mungu mwenyewe hataki zawadi ya namna nyingine. Misale ya Kiroma kwa majimbo ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, yatoa nafasi ya kupeleka matoleo altareni kwa maandamano na nyimbo. Watu huleta mkate na divai, na pamoja navyo mazao ya shamba kwa ajili ya maskini na ya Kanisa. Ngano ni zawadi ya Mungu, lakini mkate hauoti shambani: mtu amesaga, mtu amekanda, mtu ameoka. Kristu amechagua kuja altareni kwa njia ya kitu kilichopita mikononi mwa watu.

IV. Chakula cha sikukuu

Abrahamu alipowaona wageni watatu karibu na miti ya Mamre, nyumba nzima iliinuka. Sara alikanda vipimo vitatu vya unga, karibu lita 20, akaoka mikate. Kijana aliharakisha kumtayarisha ndama. Abrahamu mwenyewe, ingawa alikuwa mzee na bwana wa nyumba, alileta maziwa na nyama, akasimama kando yao walipokuwa wakila. Kila mtu alikuwa na kazi yake, wala mume hakuketi akingoja kuhudumiwa. Wanaume wa siku hizi wanaowaachia wanawake kazi yote ya sikukuu, hata mke akaanguka kwa uchovu, na wamtazame Abrahamu.

Nchi ya Kongo haikunyimwa chakula cha karamu. Kuna ugali wa muhogo na wa mahindi. Kuna sombe iliyotwangwa vema na kupikwa kwa mawese. Kuna maharage, karanga, ndizi, viazi vitamu. Kando ya Tanganyika kuna ndagala zilizoanikwa juani. Kuku wa nyumbani, akipikwa kwa karanga, hutosha kwa watu wengi kwa sababu mchuzi wake ni mwingi. Chakula hicho kikipikwa kwa uangalifu, kikapakuliwa katika vyombo safi, juu ya majani ya mgomba yaliyooshwa, kina heshima ya kutosha mbele ya mgeni yeyote. Si lazima kuuza godoro ili kupata soda za dukani.

Lakini haraka ya sikukuu ina hatari yake. Muhogo mchungu una sumu, nayo hutoka kwa kuloweka siku tatu au zaidi, na kuukausha vema juani. Wengine, wakiona wageni wanakaribia, hupunguza siku za kuloweka. Wageni wakila unga huo waweza kushikwa na kizunguzungu na kutapika. Na mahali ambapo watu huendelea kuula majuma mengi, bila chakula kingine cha kutosha, hutokea ugonjwa wa konzo, unaolemaza miguu. Daktari Trolli aliandika habari zake toka nchi ya Kwango mwaka 1938, na hata leo ungali ukionekana Kongo. Majani ya muhogo nayo yatwangwe na kuchemshwa sana. Basi upendo kwa mgeni hauanzi wakati wa kupakua. Huanza siku tatu au nne mbele, wakati wa kuloweka muhogo.

Juu ya pombe, Kanisa halisemi kwamba divai au pombe ya ndizi ni kitu kiovu chenyewe. Lakini lutuku na pombe nyingine za kutoneshwa zimeharibu karamu nyingi. Mara nyingi asubuhi ya ubatizo huimbwa nyimbo za Mungu, na jioni yake majirani hupigana mbele ya mtoto ambaye vazi lake jeupe halijakauka maji. Maji matamu ya ndizi mbivu, kabla hayajachacha, hunywewa na watoto na wazee pamoja, wala hayajamvunja mtu kichwa.

V. Nani ataketi?

Karibu mwaka 55 mtume Paulo aliwaandikia Wakristu wa Korinto maneno makali. Walipokusanyika kwa karamu ya Bwana, matajiri walitangulia kula, na maskini walifika baadaye wakakuta vyombo vitupu: mmoja alikuwa na njaa, mwingine amelewa. Paulo aliwaambia kwamba kusanyiko la namna hiyo si karamu ya Bwana tena. Kosa lao halikuwa katika chakula. Lilikuwa katika kusahau watu.

Bwana wetu alikuwa amekwisha kutoa shauri lake. Mwenye kufanya karamu asiwaalike tu rafiki na matajiri, ambao watamlipa kwa kumwalika nao. Na awaite maskini, vilema na vipofu, wasio na cha kumrudishia. Mungu ndiye atakayelipa. Na zamani za Nehemia, watu walipolia kwa kusikia maneno ya Sheria, waliambiwa wasilie, bali waende kula na kunywa, na wapeleke mafungu kwa wale wasiotayarishiwa kitu.

Hili laweza kutendwa katika kijiji cho chote. Kabla wakubwa hawajapakuliwa, fungu la kwanza lipelekwe kwa mjane asiye na mtu, kwa mgonjwa aliyelala kitandani, kwa jamaa iliyokimbia vita na kujenga kibanda chake mwisho wa kijiji. Na lipelekwe na mtoto aliyebatizwa siku ile. Hivyo kazi yake ya kwanza ya Kikristu itakuwa kubeba chakula kwa mwenye njaa.

VI. Mfano

Jamaa mbili za kijiji kimoja zilibatiziwa watoto wao siku moja. Baba wa kwanza alikopa fedha, akauza na mbegu za maharage. Alinunua nyama, bia, na nguo zenye kung'aa. Watu walisifu karamu yake siku mbili. Siku ya tatu mwenye deni alifika mlangoni. Masomo yalipoanza, binti yake mkubwa alibaki nyumbani. Mvua iliponyesha, shamba lilikosa mbegu. Baba aliondoka kwenda kutafuta fedha machimboni, na dominika hakuonekana tena kanisani, kwa sababu mdai wake aliketi karibu na mlango.

Baba wa pili alichinja kuku wawili. Mke wake na dada zake walitwanga sombe. Majirani walileta viazi na ndizi. Mtoto alivaa kanzu nyeupe aliyoshonewa na shangazi yake, na babu alimpa msalaba aliouchonga kwa kisu. Mjane wa jirani aliletewa chakula kabla ya wote. Watu waliimba mpaka mwezi ulipopanda, wakarudi makwao kwa amani. Kesho yake nyumba ile haikudaiwa na mtu yeyote, ila ilimdai Mungu shukrani.

Ni ipi katika nyumba hizo mbili iliyofanya karamu kubwa?

Azimio

Mkatekumeni na aazimie hivi: sitaahirisha Sakramenti hata siku moja kwa ajili ya karamu, sitakopa ili kusifiwa, nitatoa zawadi iliyofanywa na mikono yangu, na fungu la kwanza la chakula changu litakwenda kwa asiye na kitu.

Maulizo

1. Kwa nini Maria na Yosefu walileta ndege wawili Hekaluni?
2. Ni vitu gani vinavyotakiwa kwa Ubatizo, na vipi kwa Ndoa? Je, karamu ni mojawapo?
3. Bwana wetu aliwaagiza watumishi wa Kana kufanya nini? Hilo lafundisha nini?
4. Katika kijiji hiki, ni nani anayeishi bila Sakramenti kwa kuogopa gharama? Jamaa za Kikristu zaweza kumsaidiaje kabla ya Pasaka?